Ladakh na Zanskar: uende mwezi gani? Uzi kwa wanaopanga Himalaya

Msafiri_wa_Kusi:

Wakuu, salaam.

Maswali ya Ladakh, lile eneo la milima kaskazini kabisa mwa India, yamekuwa mengi, na majibu mengi ni ya mkato: "nenda Juni", "nenda Julai", basi. Nimeona nifungue uzi wake, kwa sababu Juni hiyo hiyo inaweza kukupa safari ya maisha au ikakuacha Manali, mji wa chini inakoanzia barabara, unahesabu magreda yanayokwangua theluji. Nilisoma India, nikafanya kazi huko kidogo, na kule juu nimefika majira tofauti. Msimamo wangu nautoa mapema ili wabishi mjiandae: kwa mtu wa kwetu anayekwenda mara ya kwanza, ni wiki ya mwisho ya Agosti hadi karibu tarehe 20 Septemba.

Tuanze na upepo, maana kila kitu kinatoka hapo. Watu wa pwani mnaijua kusi. Kusi inayopiga Unguja, Mombasa na Lamu katikati ya mwaka haiishii kwetu. Ikivuka ikweta inapinda kuelekea kaskazini-mashariki, inakatiza Bahari ya Arabu, inabeba maji na kuyapeleka India. Ndiyo iliyokuwa ikirudisha majahazi Muscat na Gujarat. Inafika Kerala, kusini mwa India, karibu tarehe 1 Juni, mwisho wa Juni iko Delhi, kisha inagonga Himalaya na kumwaga mzigo. Ndiyo maana Manali, Shimla na Dharamshala, zilizo upande wa kusini wa milima, Julai na Agosti ni mvua, ukungu na udongo unaoporomoka barabarani.

Ladakh iko nyuma ya ukuta huo. Leh, mji wake mkuu, hupata kama milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima. Dar hupata zaidi ya 1,000. Kwa hiyo siku ambayo Manali imefungiwa na mvua, Leh unakuta vumbi, jua linachoma masikio na watu wanamwagilia bustani kwa mifereji ya maji ya barafu iliyoyeyuka.

Hapo ndipo watu wanaposema: basi si Julai ni safi tu? Safi ukiwa umeshafika. Ukienda kwa barabara kutoka Manali lazima upite kwanza upande unaolowa. Julai 2023 mafuriko ya Himachal, jimbo lenye Manali, yalikata barabara za kwenda Manali na maelfu ya watalii wakakwama. Na Leh yenyewe isikudanganye kwa ukavu wake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010 ilishuka mvua kali ya ghafla, tope likateremka mabondeni na watu zaidi ya 200 wakafa. Nyumba za kule ni za matofali ya udongo na paa la bapa, hazikujengwa kwa ajili ya mvua ya namna hiyo.

Sasa barabara. Ziko mbili kubwa. Moja inatoka Srinagar, inavuka mlima pale Zoji La (mita 3,528; "La" kwao ni kipito cha mlimani), inapita Dras na Kargil hadi Leh. Nyingine inatoka Manali. Tangu Oktoba 2020 kuna handaki la Atal la kilomita 9 linalopita chini ya kipito cha Rohtang, na hilo limepunguza mateso, ila baada ya hapo bado una Baralacha La, Lachulung La na Tanglang La, na hizi mbili za mwisho zinapita mita 5,000. Theluji ikiziba, imeziba. Ya Srinagar hufunguka mapema zaidi, ya Manali huchukua hadi Mei au Juni kutegemea mwaka, na Oktoba ikisogea unaanza kuomba Mungu. Jeshi la India linahitaji barabara hizi, ndiyo maana kikosi cha barabara za mpakani kinazipigania kila mwaka, lakini wanaotangulia kupita ni malori ya jeshi. Wewe na teksi yako mtangoja.

Kuna ya tatu ambayo vitabu vya zamani vya wasafiri havina: Darcha, kwenye barabara ya Manali, hadi Padum kupitia Shinku La, halafu Padum hadi Nimmu karibu na Leh. Iliunganishwa mwaka 2024. Inapita katikati ya Zanskar, bonde ambalo kwa vizazi, likishafunikwa na theluji, watu wake walitoka kwa kutembea juu ya mto ulioganda. Mwaka huo huo walilipua mwamba wa kwanza wa handaki la Shinku La. Likikamilika, nusu ya uzi huu itabidi iandikwe upya.

Ndege hutua Leh mwaka mzima, lakini nayo ina majira yake. Hutua asubuhi hadi mchana kwa sababu baadaye upepo wa bondeni unakuwa mkali. Januari theluji na mawingu hufuta safari, na Delhi kwenyewe ukungu unachelewesha. Cha kushangaza, joto nalo linafuta. Mwisho wa Julai 2024 ndege kadhaa hazikuruka, kwa sababu hewa ya pale ni nyembamba tayari na ikipata joto inakuwa nyembamba zaidi, ndege haipati nguvu ya kunyanyuka na mzigo wake. Kwa hiyo msimu wowote, usipange ndege ya kimataifa kesho yake asubuhi. Lala Delhi walau usiku mmoja.

Kwa nini basi Septemba? Kusi inaanza kujiondoa India kaskazini-magharibi, kwa hiyo upande wa Manali unakauka huku barabara za juu bado ziko wazi. Mito inapungua. Juni na Julai jua linayeyusha barafu, na kijito ambacho saa mbili asubuhi kinakufika kifundoni, saa tisa alasiri kinafika kwenye mlango wa gari na kinasukuma mawe. Madereva wa kule hawakuamshi alfajiri kwa kukuonea. Septemba kijito hicho hicho unavuka saa yoyote. Wenye kutembea bonde la Markha wataelewa zaidi, maana pale mto unauvuka kwa miguu.

Halafu kuna mavuno. Shayiri yao hupandwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiwa kijijini wakati huo unawakuta wameikata, na pale ambapo mashine haijafika wanyama wamefungwa pamoja kwenye mti wa katikati, wanazungushwa juu ya masuke. Wakishapura wanangoja upepo wa kupepetea, na upepo ukichelewa wanaupigia mluzi. Mluzi mwembamba, wa taratibu, wala hawakutazami wewe mtalii. Nimekaa pembeni ya uwanja wa kupuria mchana mzima, na sikutaka kwenda kuona ziwa lolote.

Mchana ni kama nyuzi 20, usiku unashuka hadi karibu 5. Watalii wa India wenyewe, ambao hujaa Mei na Juni shule zikifungwa, wamepungua. Angalizo: kila Septemba kuna mbio za marathoni za Leh na vyumba hujaa wikiendi hiyo. Angalia tarehe kabla hujalipia.

Karibuni.

MpandaMlima_Moshi:

Mkuu umeeleza vizuri, ila umeruka kitu kinacholaza watu hospitali: mwinuko. Sisi tunaopandisha wageni Kibo tunakijua.

Leh ni kama mita 3,500. Kwa njia ya Marangu, geti liko mita 1,879, Mandara 2,720, Horombo 3,720. Mgeni wangu anafika Horombo siku ya pili jioni, kwa mguu, pole pole. Wewe unatoka Delhi, mita 200 na kidogo, unakaa kwenye kiti saa moja na dakika ishirini, unashushwa karibu na Horombo. Mwili haujapewa taarifa. Siku mbili za kwanza usifanye kitu. Kula kidogo, kunywa maji, pombe hapana, vidonge vya usingizi hapana. Dawa ya Diamox, ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, muulize daktari wako kabla hujaondoka, na ujue kwamba inakojoza na kutia vidole ganzi, usije ukadhani unakufa.

Kosa la pili ni la wanaotoka Manali kwa gari: wanalala Sarchu. Sarchu iko karibu mita 4,300. Watu wanatapika usiku mzima kwenye mahema. Lala Keylong au Jispa, mita 3,100 hadi 3,200, kesho yake uamke mapema na umalize yote hadi Leh. Ni siku ndefu lakini unalala chini. Kanuni ni ile ile ya kwetu, panda juu lala chini.

Ya Srinagar ndiyo yenye huruma. Unaanza mita 1,600, unalala Kargil karibu 2,700, siku ya pili uko Leh na kichwa chako.

Msafiri_wa_Kusi:

@MpandaMlima_Moshi umenisaidia. Na hii inagusa suala la majira pia: barabara zikiwa zimefungwa huna hiari, ni ndege tu, kwa hiyo anayekwenda Januari anapokea mwinuko na baridi kwa mpigo.

BintiKizingo:

Mimi nabisha. Septemba ni nzuri, sikatai, lakini ni nzuri kwa kila mtu, na hiyo ndiyo shida yake. Mimi ni mtu wa Mombasa, sijazaliwa na baridi, na bado nasema Februari.

Nilikwenda kwa ajili ya chui wa theluji. Kiangazi yuko juu sana, humpati. Theluji ikijaa, kondoo wa porini wanashuka kutafuta malisho na yeye anawafuata. Kijiji cha Rumbak, ndani ya hifadhi ya Hemis, watu wanapokea wageni majumbani. Mnakaa chumba kimoja chenye jiko la bati katikati, linalishwa kuni na samadi iliyokaushwa, bibi wa nyumba anakumiminia chai ya siagi na chumvi kabla kikombe hakijafika nusu. (Chai hiyo ukiifikiria kama chai itakushinda. Ifikirie kama supu.) Nje ya chumba hicho kila kitu ni barafu. Maji ya kunywa unalala nayo kwenye blanketi. Betri za kamera unaweka kifuani, la sivyo asubuhi zimekufa. Bomba la maji msahau, choo ni cha shimo cha kurushia udongo, na kwa kweli wakati ule ndicho cha maana kuliko hivyo vya kuvuta maji ambavyo vyote vimeganda.

Chui nilimwona. Mbali, ng'ambo ya bonde, kupitia darubini ya mwenyeji, mkia tu kwanza halafu jiwe likageuka likawa mnyama. Wengine tuliokuwa nao waliondoka mapema bila kumwona, kwa hiyo sitoi ahadi.

Na sherehe za monasteri. Wengi wanaijua ya Hemis tu, ya Juni au Julai, yenye umati wa kamera. Za baridi ziko nyingi: Spituk, Stok, Matho. Ya Matho wana watawa wawili wanaopandwa na roho, wanakimbia juu ya kuta za monasteri macho yamefunikwa. Waliojaa pale ni wenyeji waliokuja kuuliza habari za mwaka wao.

Msafiri_wa_Kusi:

@BintiKizingo heshima yako. Lakini hapo umemweleza mtu mwenye darubini na subira. Mtu anayetaka kuona ziwa Pangong, bonde la Nubra na Zanskar kwa wiki mbili, Februari itamkatalia nusu ya orodha. Hoteli nyingi za Leh zenyewe zimefungwa na wenyewe wameshuka Delhi au Goa.

Ila nakupa hili: Pangong ikiganda ni kitu kingine. Maji yake yana chumvi na bado yanaganda kiasi cha watu kukimbilia juu yake. Februari 2023 walifanya mbio za kilomita 21 juu ya barafu.

Kijana_wa_Delhi:

Naongezea Aprili, mwezi ambao hakuna anayeutaja. Aprikoti zinachanua. Bonde la Sham, Kargil, Turtuk, miti yote myeupe na waridi huku milima nyuma bado ina theluji. Maua hayakai sana, na kila kijiji kina wiki yake kufuatana na kimo chake: vya chini vinatangulia, vya juu vinafuata. Ukikosa kimoja, panda kingine.

Pia Aprili bado unaikuta minara ya barafu, ile aliyoibuni mhandisi Sonam Wangchuk mwaka 2013. Majira ya baridi wanarusha maji ya kijito hewani kwa bomba, yanaganda yakishuka, linapatikana rundo la barafu lenye ncha juu. Umbo hilo halipigwi sana na jua kwa hiyo linachelewa kuyeyuka, na maji yanatoka wakati wa kupanda, kabla barafu za juu hazijaanza kutoa. Ukienda Septemba hutakuta hata tone.

Ubaya wa Aprili: tegemea ndege, maana barabara ya Manali mara nyingi bado, na ya Srinagar hata ikifunguka inaweza kufungwa tena na theluji.

MamaJunior77:

Jamani naombeni ushauri. Nampeleka mama yangu Delhi kwa matibabu ya moyo mwezi wa nane, tutakaa muda. Nilifikiri akishapata nafuu twende wote Leh tukapumzike kwenye hewa safi ya mlimani. Inafaa?

MpandaMlima_Moshi:

Dada, mama asipande. Hewa ni safi lakini ni chache, kama theluthi moja ya oksijeni haipo ukilinganisha na usawa wa bahari. Moyo uliotoka kutibiwa hautakiwi kujaribiwa pale. Hata daktari akimpa ruhusa ya kupanda ndege, muulize swali la mita 3,500 kwa kuitaja namba hiyo.

Msafiri_wa_Kusi:

@MamaJunior77 pole kwa kuuguza, Mungu amjalie mama. Mwezi wa nane hata vilima vya karibu kama Shimla na Mussoorie vina mvua na barabara za utelezi. Mkitaka kubadilisha hewa pamoja, ni bora msubiri Oktoba mwanzoni, mvua ikiisha, mwende mahali pa chini kama Rishikesh, kandokando ya Ganga, mita 300 na kitu tu. Leh utakwenda wewe siku nyingine.

Mwalimu_Kisumu:

Likizo yangu ni Desemba peke yake. Nisahau?

Msafiri_wa_Kusi:

Ladakh kwa mara ya kwanza, mimi ningesahau. Desemba kuna Losar, mwaka mpya wao, ambao Ladakh huadhimisha mapema kuliko Tibet. Wenyeji husema mfalme wao wa zamani, Jamyang Namgyal, aliurudisha nyuma kwa sababu alikuwa anakwenda vitani. Ni sherehe ya majumbani zaidi, usipokuwa na mwenyeji utabaki barabarani unatetemeka.

Ukiwa na Desemba tu, nenda Sikkim au mashariki ya Nepal. Anga ni safi, mlima Kangchenjunga unaonekana asubuhi, na vijiji viko chini kiasi cha kuvumilika. Kanuni ya kusi huko inageuka: hakuna ukuta wa kuwakinga, mvua yao ni nyingi, kwa hiyo miezi ya kavu ndiyo ya kwao.

Kijana_wa_Delhi:

Mkuu, umeongelea hali ya hewa, lakini Mei 2025 uwanja wa Leh ulifungwa pamoja na viwanja vingine vya kaskazini kwa sababu ya mapigano ya India na Pakistan. Na Septemba hiyo hiyo unayoisifia, tarehe 24 mwaka 2025, Leh kulikuwa na maandamano, watu wanne wakauawa, amri ya kutotoka nje ikawekwa. Mwezi mzuri wa kalenda na mwezi mzuri wa siasa havilingani.

Msafiri_wa_Kusi:

Kweli kabisa. Ni mpakani, Pakistan upande huu na China upande ule. Tiketi nunua ya kubadilishika hata kama imezidi bei, na tazama habari wiki ya kuondoka.

Mambo mengine ya mpakani: mgeni anahitaji kibali kwa Nubra, Pangong na ziwa Tso Moriri, na kinachukuliwa kupitia wakala aliyesajiliwa, Leh mjini wanakifanya haraka. Leh yenyewe na Zanskar hakihitajiki. Laini ya simu ya malipo ya kabla uliyonunua Delhi haitashika Ladakh, nunua ya hapo hapo au uwe na ya kulipa baada. Na wenye vile vifaa vya kutuma ujumbe kwa satelaiti, Garmin na wenzake, acheni nyumbani. India bila leseni ni kosa na wageni wameshakamatwa.

BintiKizingo:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Zanskar, Septemba, bila kukodi gari peke yangu. Inawezekana?

Msafiri_wa_Kusi:

Inawezekana. Kutoka Delhi kuna basi la serikali ya Himachal hadi Leh majira ya kiangazi, zaidi ya kilomita 1,000, linalala Keylong. Shuka Keylong, pumzika siku nzima, halafu tafuta gari la kuchangia la kwenda Padum kupitia Shinku La. Uliza jioni stendi, magari huondoka alfajiri na yakijaa yamejaa. Monasteri ya Phugtal, ile iliyojengwa mdomoni mwa pango, inabidi utembee kidogo kutoka barabara inapoishia. Mwanzo wa Septemba Shinku La haina shida sana. Ikishafika mwisho wa mwezi, uliza madereva walioteremka jana yake kabla hujatoa nauli.